Bill Withers hakukosea kuacha

Wiki hii mmetuuliza: ni mwanamuziki gani aliyeacha muziki angali anapendwa, na je, alikosea? Mimi namtaja Bill Withers, mwimbaji na mtunzi wa soul, muziki wa hisia wa Wamarekani Weusi. Hakukosea hata kidogo.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Nilipopata kujua kwamba Withers naye alikuwa nacho hadi alipokaribia miaka 30, nilirudi kuzisikiliza nyimbo zake upya. Katika "Ain't No Sunshine" ya mwaka 1971, wimbo wa dakika 2 na sekunde chache, kuna mahali anarudia "I know", yaani "najua", mara 26. Alikusudia kutunga maneno mengine ya kujaza pale, lakini wanamuziki waliokuwa studio wakamwambia aache hivyo hivyo. Kila nikifika pale namsikia mtu aliyekwamwa na neno, naye badala ya kuona haya akalishikilia mpaka likawa wimbo.

Alizaliwa 1938 huko Slab Fork, West Virginia, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Alitumikia jeshi la wanamaji miaka 9, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha vyoo vya ndege huko California. Albamu yake ya kwanza ilipotoka alikuwa amepita miaka 30. Picha ya jalada inamwonyesha kiwandani, mkebe wa chakula mkononi. Ndiyo maana nyimbo zake hazina maneno ya kujionyesha. Akimwimba nyanya yake katika "Grandma's Hands", anataja mikono tu: iliyopiga makofi kanisani, iliyomwonya, iliyomwinua alipoanguka. Mwaka 1996 kundi la Blackstreet lilichukua mguno wa mwanzo wa wimbo huo likautia katika "No Diggity", na vijana wengi waliucheza bila kumjua mwenyewe.

Lakini wimbo wake uliofika mbali zaidi ni "Lean on Me", ulioshika namba 1 Marekani 1972, kisha tena 1987 ulipoimbwa na Club Nouveau. Anayesoma sol-fa ataona siri yake mara moja: do, re, mi, fa, halafu unashuka ngazi zile zile. Withers aliupata kwa kupandisha na kushusha vidole kwenye piano bila kuruka kitufe cheupe. Ndiyo sababu kwaya yoyote inaushika kwa jioni moja, hata yetu ambayo sauti ya nne, ile nzito ya chini, ina watu wawili.

Mwaka 1974 alikuja Kinshasa, kwenye tamasha la muziki lililotangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Jukwaa lilikuwa la kina James Brown, watu wa kishindo. Yeye aliketi na gitaa lake, akaimba taratibu.

Kwa nini aliacha? Alipohamia kampuni kubwa ya kurekodi, wakubwa walianza kumfundisha kazi yake, hata wakamtaka aimbe upya wimbo wa Elvis. Alitoa albamu ya mwisho 1985, akaenda zake nyumbani kulea watoto. Mtu aliyekuwa na kazi kabla ya muziki hatishiki kuambiwa muziki umekwisha. Miaka 30 baadaye, 2015, Stevie Wonder ndiye aliyemkaribisha katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki huko Marekani, na hakuna aliyekuwa amesahau nyimbo zake.

Alifariki 30 Machi 2020, akiwa na miaka 81. Hapa Kenya makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na kwaya yetu ilikuwa ikiimba kwa simu, kila mtu akirekodi sauti yake kwake. Tuliporekodi "Lean on Me" nilipewa ubeti wa kwanza, peke yangu. Niliuimba jikoni usiku, watoto wamelala. Nikiimba sikwami.