Homu thieta mpya au spika mbili za mtumba?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Uyole, Mbeya. Nataka muziki wa sebuleni kwa ajili ya kwaya, rumba na sinema za wikiendi. Sebule ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, juu ni bati bila dari. Mwanjelwa nimeona homu thieta ya spika tano na sabufa, boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO. Kwa bei hiyohiyo kuna amplifaya ya mtumba kutoka Japani na spika zake mbili kubwa. Dukani homu thieta ilinivutia zaidi, ila jirani yangu anayo kama hiyo na kwake inanguruma tu, maneno hayasikiki. Nichague ipi, na nikienda kujaribu nisikilize nini?

Jibu: Marahaba. Hizo wati 10,000 zisahau kwanza. PMPO ni namba ya kupamba boksi, kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Kikisema inakula wati 80, haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo 80, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Ulizia RMS, yaani wati ambazo spika inaweza kutoa mfululizo. Kwa sebule yako, wati 30 hadi 50 RMS kwa kila spika zinatosha kugombana na majirani. Kuna namba nyingine ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, nayo ni usikivu wa spika: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inazotoa kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Spika ya 84 inahitaji wati nne kufikia sauti ambayo spika ya 90 inaitoa kwa wati moja.

Dukani ulivutwa na besi, na muuzaji analijua hilo. Anaweka singeli, anafungua besi yote, anapandisha sauti hadi ishinde bodaboda za nje. Kati ya spika mbili, ile inayopiga juu kidogo tu, hata desibeli moja au mbili, sikio huiona ndiyo bora. Kwa hiyo nenda asubuhi mtaa haujachangamka, mwombe arudishe besi na trebo katikati, kisha mlinganishe ukubwa wa sauti. Programu ya bure ya kupima desibeli kwenye simu, ukiishikia palepale kwa kila spika, inatosha.

Nenda na flashi yako mwenyewe, yenye nyimbo unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji. Ziwe WAV au MP3 za kbps 320, si zile zilizozunguka WhatsApp. Mimi huanza na taarifa ya habari, bila muziki wowote, kwa sababu sauti ya mtu tunaijua tangu tunazaliwa. Mtangazaji akisikika kama yuko ndani ya pipa, sihangaiki kuendelea. Ikifuata kwaya, ifuate alto peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, maana kwenye spika mbovu hiyo ndiyo inayomezwa. Kwenye rumba, gitaa la solo na la rithimu yasikike kila moja mahali pake, na gitaa la besi libadilishe noti. Besi ikilia mlio mmoja wimbo mzima, hiyo ndiyo ngurumo ya jirani. Kaa robo saa nzima. Kama herufi s za mwimbaji zimeanza kuchoma masikio, nyumbani utakuwa unazima kila mara.

Hata hivyo, huenda spika za jirani hazina kosa. Chumba cha mita 5 kwa 4 hukuza chenyewe besi za karibu Hz 34 na 43, na sabufa ikisukumwa kwenye kona ndiyo zinavimba zaidi. Vigae na kuta tupu navyo hurudisha maneno hadi yanagongana. Tandika zulia, weka pazia nzito, halafu fanya hivi: weka sabufa kwenye kochi unalokaa, piga wimbo wenye besi, utembee umeinama kandokando ya kuta. Pale besi inaposikika sawasawa ndipo pa kuiweka. Kuhusu mvua ya huko kwenu ikianza kupiga bati, hakuna wati za kuishinda. Ni dari tu.

Mimi ningechukua spika mbili. Sinema za flashi, hasa zile zilizoingizwa sauti ya mtafsiri, kwa kawaida zina njia mbili tu za sauti, kwa hiyo spika tatu za ziada hazina jipya la kusema. Ukiwa na sinema halisi za njia 5.1, yaani njia tano za spika na moja ya sabufa, hapo spika ya katikati ina faida kubwa kwa maongezi, na ushauri wangu ungebadilika.

Ila mtumba wa Japani una mtego: nyingi zimetengenezwa kwa volti 100. Ukichomeka kwenye 230 yetu, inaungua hapohapo. Kibandiko kikisema 100, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha. Gusa taratibu ukingo wa sponji wa kila spika. Ukimeguka, utahitaji kubadilishwa. Linganisha omu, yaani ukinzani wa umeme ulioandikwa nyuma ya spika na amplifaya: amplifaya iliyoandikwa 8 ikifungwa spika za 4 inachemka. Ukishafunga waya, piga sauti ya mtu mmoja na ukae katikati. Akisikika yuko kushoto na kulia kwa pamoja lakini hayupo mbele yako, na besi imepungua, upande mmoja chanya na hasi zimegeuzwa.