Jaribio limesema mimi mkimya, kuuza nitakuweza?

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Mbagala, nimemaliza fomu siksi kombi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu). Nilifanya lile jaribio la herufi nne la mtandaoni likanipa ISFJ, eti mi mkimya nifanye uhasibu au maktaba. Baba kafurahi sana, anataka uhasibu. Ila mi likizo zote namsaidia mama mdogo kuuza mitumba Ilala na naipenda ile kazi, nilikuwa nawaza kusoma masoko. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hizo herufi zisikutishe. Jaribio hilo, linaitwa MBTI, walilitunga mama na binti yake huko Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, mawazo wakayachota kwa Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, na mama na binti wote wawili saikolojia hawakuisomea. Hata kampuni inayoliuza inasema lisitumike kuchagulia watu wa kuajiri, na wengi wakilirudia baada ya wiki chache wanaletewa herufi zingine, sasa miaka mitatu ya chuo utaiwekaje juu ya kitu kama hicho?

Mi namwamini zaidi John Holland, mwanasaikolojia, naye Mmarekani, nadharia yake ni ya 1959. Yeye anaangalia unapenda KUFANYA nini: kazi za mikono, kuchunguza, sanaa, kusaidia watu, kuuza na kuongoza, au kumbukumbu na taratibu, na mtu hakai kundi moja tu, anakuwa na mchanganyiko. Wewe kuuza kumo, na ukimya hauzuii kitu, maana muuzaji anayesikiliza anajua mteja wake anavaa saizi gani na anataka nini, wateja wanarudi. Na uhasibu nao sio kujifungia ofisini jamani, mkaguzi wa hesabu anashinda kwenye ofisi za watu akihoji.

Sasa fanya hivi, mwombe mama mdogo akuachie daftari la biashara mwezi mzima, uandike belo limenunuliwa shilingi ngapi, kimeuzwa nini, nani anadaiwa, faida iko wapi. Ukiona jioni unalikimbilia daftari kuliko wateja, basi baba ana hoja. Ukiona linakuchosha, mweleze hivyo hivyo kwa heshima, na mwambie Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) pale mjini wana kozi zote mbili, uhasibu na masoko, kwa hiyo mnaweza kwenda pamoja mkaulize masomo yake na ada kabla hujajaza fomu.