Kwa mafundi sola mnaoanza kazi Nyanda za Juu Kusini

Juzi nilipita saiti moja Makete, taasisi inayoachana na jenereta ya dizeli. Nikakuta vijana wawili wameshapandisha stringi ya paneli kumi, yaani paneli zilizofuatana kwa waya mmoja ili volti zake zijumlike, kwa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye jengo) yenye kikomo cha volti 500. Kazi ya mikono ni safi kabisa: reli zimenyooka, hakuna waya unaoning'inia. Nikawauliza hesabu ya baridi wameipigaje. Wakatazamana. Niliwashusha paani kwa ukali, na baadaye nikawaomba radhi, maana hakuna aliyewahi kuwaambia. Kwa hiyo nawaambia na ninyi wengine, wadogo zangu, kabla sijawakuta juu ya paa.

1. Pima lodi, yaani umeme unaotumika, hasa wa usiku, kwa klampu mita (mita inayobana waya na kusoma umeme unaopita). Jenereta kuwa na uwezo wa kVA 20 hakumaanishi taasisi inatumia kVA 20.

2. Elekeza paneli kaskazini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, kwa hiyo zile video za Ulaya zinazoelekeza kusini hazikuhusu. Mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na mvua itazisafisha.

3. Baridi. Hapa nisikilizeni vizuri.

Niliwahi kuongoza kazi katika shule ya bweni ya wasichana, milimani hukohuko. Mkuu wa shule alikuwa amechoshwa na dizeli: masika barabara ikiteleza, mafuta hayafiki, na taa zinazimwa mapema ili kubana matumizi. Nikamwahidi kwamba hayo yamekwisha. Lebo ya paneli ilisema Voc 49.5, yaani volti za paneli isipobebeshwa mzigo wowote. Mara kumi ni 495, inveta inapokea 500, nikaona imeingia. Tuliwasha mchana, jua kali, paneli za moto, mita ikasoma kama 460. Nikakunja vifaa nikaondoka nimeridhika.

Chuoni nilifundishwa, kama mlivyofundishwa ninyi, kwamba paneli ikipata joto volti hushuka na ikipoa hupanda. Namba ya kwenye lebo ni ya nyuzi 25. Karatasi ya zile paneli ilionyesha karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja, nami sikuifungua. Sasa chukua asubuhi ya Juni yenye nyuzi 3. Tofauti ni nyuzi 22, yaani karibu asilimia 6, na ile 495 inafika kama 524. Anga lilikuwa jeupe, jua la kwanza likazipiga paneli zikiwa bado za baridi, inveta ikaungua.

Mkuu wa shule alipiga simu. Hakufoka. Aliniuliza tu mabinti wa kidato cha nne watasomea nini usiku ule. Fungu la dizeli alikuwa ameshalihamishia jikoni kwa sababu aliniamini. Waranti ikakataliwa, kwani kumbukumbu za inveta yenyewe zilionyesha volti zimevuka kikomo. Inveta nyingine niliilipia mimi, kidogo kidogo, na muda wote huo shule ikakopa mafuta. Kilichoniumiza kuliko hela ni taasisi ya jirani iliyokuwa inasubiri zamu yake: ikaghairi, ikasema sola haiwezi baridi ya Makete. Wakati paneli hufanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi! Paneli tisa tu, badala ya kumi, zingeishia kama 472 asubuhi ileile na inveta isingeguswa.

Basi, kila stringi, uliza wenyeji asubuhi ya baridi kuliko zote huwaje, kisha pigia hesabu asubuhi hiyo, siyo mchana wa siku unayowasha mfumo. Vijana wale wawili walishusha paneli moja kila stringi siku ileile. Walinung'unika, lakini walishusha.

4. Betri za lithiamu zisichajiwe chini ya nyuzi 0, na kule Kitulo umande huganda. Ziweke ndani, si kwenye kibanda cha mabati nje.

5. Arthi na vizuia radi si mapambo. Usisubiri mteja aviulize.

6. Usimruhusu mteja auze jenereta siku ya makabidhiano. Mufindi na Njombe ukungu hukaa siku nzima, tena si siku moja. Jenereta ibaki mpaka mfumo upite masika na kipupwe, halafu mhesabu pamoja iliwashwa mara ngapi. Mabosi wengi wanataka picha ya jenereta ikipakiwa kwenye lori. Mwambie picha itasubiri.

7. Si kila kazi ni ya paneli. Mtambo wa Mwenga, Mufindi, ni wa megawati 4, unaendeshwa na maji ya mto, na umeme wake unafika viwanda vya chai na vijiji. Maji hayalali usiku, kwa hiyo gharama kubwa ya betri inaondoka. Ukifika kwa mteja ukakuta kijito chenye mteremko mkali kinachotiririka hata Oktoba, mwambie aite mtu wa maji akipime kwanza, hata kama kazi itakupita.