Maswali ya Wasomaji: Mwizi Tulimkamata Wenyewe, Mbona Yuko Mtaani?

SWALI: Ndugu Mhariri, huku kwetu Mbagala tulimkamata kijana akitoka dirishani na televisheni ya jirani, tukampeleka kituoni. Siku ya tatu tukamkuta kijiweni anakunywa kahawa. Vijana wanasema safari ijayo hakuna kwenda polisi, watamalizana naye hapohapo. Je, wamekosea?

JIBU: Wamekosea, na kosa hilo linaweza kuwafikisha kwenye kesi ya mauaji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kama hilo mbele ya macho yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mamlaka ya raia yanaishia hapo. Kundi likimpiga mtu akafa, kila aliyeshiriki kwa nia moja anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na adhabu yake ni kunyongwa. Aliyeleta tairi na aliyeshika miguu watapanda kizimba kimoja.

Huyo mliyemwona kijiweni, kwa kila dalili, yuko nje kwa dhamana. Dhamana ni haki kwa makosa mengi, wizi ukiwemo, hailipiwi, na haifuti kesi. Kesi huwa tunaiua wenyewe. Muulizeni jirani yenu: ameandikisha maelezo? Aliyasoma kabla ya kusaini? Namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikwa kituoni, anayo? Alipeleka risiti, au walau namba iliyobandikwa nyuma ya televisheni, kuonyesha kuwa ni yake? Wengi huichukua mali yao usiku uleule wakarudi nayo nyumbani, wakidhani mambo yamekwisha. Ile televisheni ni kidhibiti. Ikiondoka kituoni bila kuandikwa na kupigwa picha, mwendesha mashtaka anabaki na maneno matupu.

Kisha unakuja wito wa mahakama. Shahidi wa kwanza ana harusi, wa pili kahama, wa tatu keshapewa elfu ishirini na ndugu wa mtuhumiwa ili "yaishe kifamilia". Kesi inafutwa, mtaa mzima unalaumu polisi. Polisi wana makosa yao, lakini hakuna askari anayeweza kusimama mahakamani kusema aliona kitu ambacho umekiona wewe. Andikeni leo majina na simu za wote waliokuwepo, mchague mmoja wa kufuatilia tarehe za kesi, na siku ya ushahidi mwende pamoja. Mwingine akikamatwa, pigeni 112 mara moja.

SWALI: Kila nyumba inachanga 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya ulinzi shirikishi, lakini walinzi hatuwaoni. Tuendelee kutoa? Mama, Tandika.

JIBU: Endeleeni, mama, ila daini hesabu. Mtaa wa nyumba 150 zikilipa zote unapata 300,000, walinzi wanne wanapokea 75,000 kila mmoja. Zikilipa 60 tu, ni 120,000, mlinzi anaambulia 30,000, na saa saba usiku utamkuta amejikunyata kwenye kibaraza cha duka, kofia usoni. Nyumba 90 zisizolipa zinalala bure kwa jasho la wengine. Mwaka 2022 panya road, yale makundi ya vijana wahalifu, walipoingia majumbani na mapanga hapa Dar es Salaam, ulinzi wa mtaa ulikuwa mdomoni mwa kila mtu. Hofu ikipoa, michango nayo hupoa.

Itisheni mkutano wa mtaa, maamuzi yaingie kwenye muhtasari. Mtunza fedha asiwe mwenyekiti. Kila mchango uwe na risiti, na orodha ya waliolipa na wasiolipa ibandikwe ofisini kila mwezi. Majina ya walinzi yapelekwe kwa polisi kata wachunguzwe kabla ya kuanza kazi, kwa sababu mlinzi asiyejulikana anazijua nyumba zenu kuliko mwizi. Watembee wawili wawili, wakiwa na filimbi, tochi na rungu, panga hapana. Wawe na daftari la doria la kuandika saa na mahali, na njia ibadilike kila usiku, maana mwizi naye anahesabu muda wao.

Filimbi ikilia, kila nyumba iwashe taa ya nje na watu wazima watoke. Mkizima taa na kubana milango, hata walinzi ishirini hawatawatosha.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, amekuja na simu ya bei kubwa. Anasema kapewa na rafiki. Baba yake anataka tunyamaze. Mama, Ilala.

JIBU: Msinyamaze. Bonyeza *#06# kwenye simu hiyo, utaona namba yenye tarakimu 15. Itume kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine, namba imechezewa. Likilingana, bado haijathibitika kuwa si ya wizi. Jioni hiyohiyo, baba akiwepo, mtoto awapeleke kwa huyo rafiki na kwa wazazi wake.

Rafiki asipopatikana, mpelekeni mtoto na simu kituoni, kwenye dawati la jinsia na watoto. Msiifute, msitoe laini. Mna haki ya kuwepo anapohojiwa, itumieni. Anayehifadhi mali akijua ni ya wizi anatenda kosa, hata akiwa mzazi. Na mtoto akikwambia ana haki zake, ni kweli anazo, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka pia awaheshimu wazazi na kuitumikia jamii yake. Watoto wengi hawajawahi kusomewa sehemu hiyo. Msomeeni.

SWALI: Nina vyumba vya kupangisha. Nitamjuaje mpangaji mwenye nia mbaya?

JIBU: Usimtegemee dalali, analipwa kwa kukuletea mtu, naye mwenyewe hamjui mtu huyo. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua kutoka serikali ya mtaa alikotoka, na simu za ndugu wawili, kisha uzipige mwenyewe. Andikeni mkataba, halafu mwende wote kwa mjumbe aingizwe kwenye daftari la wakazi. Akikataa kwenda kwa mjumbe, mrudishie kodi yake kabla hajaingiza godoro.