Maswali na Majibu: Programu Inayokufa Mara Moja katika Mara Mia

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninachambua takwimu za mvua kwa lugha ya R. Lupu ya kukokotoa wastani wa kila mwezi ilikuwa inachukua muda mrefu mno, kwa hiyo niliiandika upya kwa lugha ya C, nikaikompaili, na sasa ninaiita kutoka ndani ya R kwa .Call. Nikiijaribu kwa vituo kumi, majibu huwa sahihi kila mara. Nikiiendesha kwa vituo vyote, kuna siku inatoa majibu sahihi, kuna siku inatoa namba za ajabu, na kuna siku R yenyewe inazima na kuniachia ujumbe wa segfault, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Nimebadilisha kompyuta, hali ni ileile. Mwenzangu ofisini anasisitiza kwamba RAM ni ndogo. Funksheni yenyewe, nikiifupisha, ni hii (SEXP ni kielekezi cha C kinachoonyesha kitu cha R):

SEXP wastani(SEXP mvua)
{
    SEXP jibu  = Rf_allocVector(VECSXP, 2);
    SEXP miezi = Rf_allocVector(REALSXP, 12);
    SEXP siku  = Rf_allocVector(INTSXP, 12);
    /* hapa lupu inajaza miezi na siku */
    SET_VECTOR_ELT(jibu, 0, miezi);
    SET_VECTOR_ELT(jibu, 1, siku);
    return jibu;
}

Tafadhali nisaidie.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue RAM. Kosa limo katika mistari mitatu ya kwanza ya funksheni yako, na litakufuata kwenye kompyuta yoyote utakayohamia.

Katika R hakuna anayerudisha kumbukumbu kwa mkono. Kazi hiyo hufanywa na kikusanya taka, na kinachotumika hadi leo kiliandikwa na Luke Tierney na kuingizwa katika toleo la 1.2.0 mwishoni mwa mwaka 2000. Kifananishe na mfagiaji anayeingia sokoni jioni na kuuliza juu ya kila kitu anachokikuta chini, "Hiki cha nani?" Kikiwa na mwenyewe, anakiacha, kisipokuwa na mwenyewe, anakizoa. Wenyewe anaowatambua ni wachache na wanajulikana: mazingira ya R yenye majina uliyoyaunda, miito ya funksheni inayoendelea wakati huo, orodha ya vitu vilivyowekwa akiba kwa makusudi, na rundo la ulinzi ambalo tutalifikia hivi punde. Vibadilika vya lugha ya C havimo katika orodha hiyo, na kikusanya taka hakivipekui hata kidogo. Wewe unaona kwamba `jibu` ni jina la orodha yako. R inaona orodha isiyodaiwa na mtu.

Sasa angalia wakati. Kikusanya taka hakiji ovyo, bali huja pale tu R inapoombwa kutenga kumbukumbu mpya. Mstari wako wa pili unaomba vekta ya miezi, na ombi hilo linaweza kumwita mfagiaji, naye ataikuta orodha ya mstari wa kwanza haina mwenyewe. Mstari wa tatu unaweza kuzoa orodha pamoja na vekta ya miezi. Ukiwa na vituo kumi huoni lolote, kwa sababu R ikiwashwa huanza na kizingiti cha megabaiti 64 kwa ajili ya vekta, yaani namba za desimali zaidi kidogo ya milioni nane, na jaribio dogo linaweza kumalizika bila mfagiaji kupita katikati ya mistari yako hata mara moja. Vituo vyote vikiingia anapita mara nyingi, na inatosha apite mara moja tu mahali pabaya.

Hata akipita hapo, si lazima programu ife papo hapo, na hilo ndilo linalowachanganya watu wengi. Orodha ya vipengele viwili huhitaji baiti 16 za data, na vekta ya desimali 12 huhitaji baiti 96. Vitu vidogo kama hivyo, ambavyo data yake haizidi baiti 128, R huviweka katika kurasa zake yenyewe. Kitu kikizolewa, nafasi yake hurudishwa katika akiba ya R, lakini yaliyomo hubaki vilevile mpaka nafasi hiyo igawiwe kitu kingine. Kwa hiyo unaweza kuandika ndani ya orodha iliyokwisha kuzolewa, ukairudisha kwa R, ukaichapisha na kuiona nzima. Baada ya dakika mbili funksheni nyingine isiyohusika kabisa inapewa nafasi ileile, na hapo ndipo namba za ajabu zinapotokea. Ndiyo maana ninawasihi wasomaji wasiutuhumu mstari ambao programu imefia. Mstari huo kwa kawaida hauna hatia, na kosa lilitendeka mapema, pengine katika faili nyingine.

Tiba ni fupi. Kitu kipya kiwekwe kwenye rundo la ulinzi kwa PROTECT mara tu kinapozaliwa, na kabla ya kurudi tuondoe idadi ileile kwa UNPROTECT:

    SEXP jibu  = PROTECT(Rf_allocVector(VECSXP, 2));
    SEXP miezi = Rf_allocVector(REALSXP, 12);
    SET_VECTOR_ELT(jibu, 0, miezi);
    SEXP siku  = Rf_allocVector(INTSXP, 12);
    SET_VECTOR_ELT(jibu, 1, siku);
    /* lupu */
    UNPROTECT(1);
    return jibu;

Utaona kwamba `miezi` na `siku` sikuzilinda moja moja. Orodha ikilindwa, vyote vilivyomo vimelindwa, mradi viingizwe kabla ya ombi jingine la kumbukumbu. Hoja ya `mvua` nayo haihitaji ulinzi, kwa kuwa aliyeita funksheni bado ameishikilia. Usiandike ndani yake, lakini, kwa sababu huenda vekta hiyohiyo ina jina jingine upande wa R; ukitaka kuibadilisha, chukua kwanza nakala kwa Rf_duplicate.

Katika barua yako ndefu, ambayo nafasi hairuhusu kuichapisha yote, uliandika pia kwamba "nililinda mvua mwanzoni, kisha nikaigeuza kuwa desimali kwa `mvua = Rf_coerceVector(mvua, REALSXP)`". Hapa tukae kidogo. PROTECT hulinda kitu, hailindi jina. Ukikipa kibadilika kitu kipya, ulinzi hubaki kwa kile cha zamani, na kipya kiko wazi. Ubaya zaidi ni kwamba Rf_coerceVector, ikipewa vekta ambayo tayari ni ya desimali, hurudisha vekta ileile, na hakuna kinachoharibika. Ikipewa vekta ya namba kamili, hutengeneza mpya. Kituo kinachoandika mvua kwa desimali, kwa mfano 12.4, kitapita salama mwaka mzima. Kituo kinachoandika milimita kamili bila nukta, ambacho safu yake husomwa na read.csv kama namba kamili, kitakuangusha. Mtu anaweza kuapa kwamba takwimu za kituo fulani zina mkosi. Andika `mvua = PROTECT(Rf_coerceVector(mvua, REALSXP))` na uongeze moja katika hesabu ya UNPROTECT. Ikiwa mabadiliko hayo yanatokea ndani ya lupu, tumia PROTECT_WITH_INDEX nje ya lupu na REPROTECT ndani yake, ili kitu kipya kikalie nafasi ya cha zamani kwenye rundo. Ukirudia PROTECT katika kila mzunguko, utalijaza rundo, ambalo kwa kawaida lina nafasi 50,000, na R itakataa kuendelea. Nafasi hizo zinaweza kuongezwa hadi 500,000 wakati wa kuiwasha R, lakini sijawahi kuona programu ambayo ilihitaji hivyo kwa haki.

Ili kuthibitisha kwamba umepona, endesha gctorture(TRUE) ndani ya R kisha uite funksheni yako kwa data ndogo sana. Amri hiyo humlazimisha mfagiaji kupita kila kumbukumbu inapoombwa, hivyo kosa la mara moja katika mara mia huwa kosa la kila mara, au karibu na kila mara. Kila kitu kitakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ukishindwa kuvumilia, gctorture2 inakuruhusu kuchagua apite baada ya maombi mangapi. Ipo pia zana ya Tomas Kalibera iitwayo rchk, ambayo husoma msimbo uliokompailiwa bila kuuendesha na kuonyesha mahali ulinzi ulipopungua. CRAN, hazina ya vifurushi vya R, huitumia kuvikagua, na mimi ninaiamini kuliko macho yangu.

SWALI: Funksheni yangu ya C inatenga kumbukumbu kwa malloc na kuirudisha kwa free mstari wa mwisho. Sijasahau hata moja, nimehesabu. Hata hivyo, mtumiaji akiikatiza katikati, au data ikiwa na kasoro na mimi nikaita Rf_error, kumbukumbu iliyotumika haipungui tena. Je, nianze kuogopa R?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ila mstari wa mwisho haufikiwi. Rf_error hairudi ilikotoka, bali huruka moja kwa moja hadi ndani ya R, na kila kilicho chini yake katika funksheni yako hurukwa, free ikiwemo. R_CheckUserInterrupt hufanya vivyo hivyo mtumiaji akikatiza, na karibu kila funksheni ya R unayoiita kutoka C inaweza kufanya hivyo siku ikipata kosa. Rundo la ulinzi hurudishwa na R yenyewe baada ya mruko kama huo, kwa hiyo huna haja ya kuita UNPROTECT kabla ya Rf_error. Kumbukumbu ya malloc haina wa kuirudisha.

Kwa nafasi ya kazi ya muda, tumia R_alloc. Kumbukumbu yake huachiwa .Call inapomalizika, iwe kwa heri au kwa kosa, na hupaswi kuiachia mwenyewe. Ndani ya lupu ndefu hujilimbikiza, lakini unaweza kuchukua alama kwa vmaxget mwanzoni mwa mzunguko na kuirudia kwa vmaxset mwishoni. Ukiona msimbo wa zamani wenye Calloc na Free, ujue kwamba kuanzia R 4.5.0 majina hayo mafupi hayapatikani tena, na yanayotumika ni R_Calloc na R_Free. Hizo nazo hazina kinga dhidi ya mruko.

Kumbukumbu inayopaswa kuishi kati ya mwito mmoja na mwingine ifunge ndani ya kielekezi cha nje kwa R_MakeExternalPtr, kisha sajili kimalizio, yaani funksheni inayoitwa kielekezi kinapozolewa, kwa R_RegisterCFinalizerEx, ukiweka TRUE ili kifanye kazi hata R inapofungwa. Tahadhari moja: kikusanya taka huona kielekezi kidogo tu, hakioni megabaiti 500 zilizo nyuma yake, kwa hiyo hakina haraka ya kuja. Mpe mtumiaji funksheni ya kufunga kwa mkono. Ikiwa unaandika kwa C++, fahamu kwamba mruko wa Rf_error huruka pia viharibu (destructors) vya vitu vyako, yaani funksheni zinazovisafisha. R_UnwindProtect, iliyokuja na R 3.5.0, ipo kwa ajili hiyo, na vifurushi vya Rcpp na cpp11 vimeitumia ili usilazimike kuiandika wewe.

SWALI: Nimechoka kuhesabu PROTECT na UNPROTECT, na bado ninapata onyo la "stack imbalance", yaani hesabu ya rundo la ulinzi hailingani. Kwa nini nisitumie R_PreserveObject kwa kila kitu?
Msomaji, Kigali

JIBU: Kwa sababu R_PreserveObject, inayoingiza kitu katika ile orodha ya akiba, haimalizwi na mwisho wa mwito wala na kosa. Usipoita R_ReleaseObject, kitu hicho kitakaa hadi R ifungwe, na kukiachia kwa kawaida ni kukitafuta katika orodha kipengele baada ya kipengele, hivyo ukiweka vitu elfu kumi utasikia uzito wake. Iweke kwa kitu kimoja au viwili vinavyoishi muda wote kifurushi kinapotumika. Kuhusu onyo lako, tafuta `return` iliyofichika ndani ya `if` juu ya UNPROTECT. Katika barua tisa kati ya kumi ninazopokea, huwa iko hapo.