Maswali ya wasomaji: Gift Ngoepe alifikaje ligi kuu ya besiboli Marekani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko Dar, nacheza besiboli pale uwanja wa Azania na nasimama shotistopu. Kocha wetu anamtaja sana Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, kwamba ndo Mwafrika wa kwanza kucheza MLB, yaani ligi kuu ya Marekani, na alilelewa kwenye nafasi yangu hiihii. Nikitafuta habari zake napata vipande vipande. Je ni kweli aliishi ndani ya klabu? Na ilimchukua muda gani mpaka kufika?

JIBU: Ni kweli mdogo wangu, aliishi klabuni. Mama yake, Maureen, alikuwa anafanya kazi kwenye jengo la klabu ya Randburg Mets, kaskazini mwa Johannesburg, na chumba walichokaa kilikuwa humohumo, yaani mtoto akifungua mlango tu yuko uwanjani. Gift alizaliwa Januari 1990, wiki chache kabla Mandela hajatoka gerezani, na besiboli kule ilikuwa mchezo wa Wazungu zaidi, kwahiyo mtoto mweusi wa mfanyakazi wa klabu kuukulia mchezo ule kwa namna ile ni jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria naona uzito wake.

Kwa wasomaji wengine ambao hawaujui mchezo, shotistopu ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, besi ni vile vituo anavyokimbilia mpigaji. Kwenye karatasi ya kuandikia mchezo yeye ni namba 6. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia na mipira yao mingi ya chini inaelekea upande ule, alafu besi ya kwanza iko mbali naye, mpigaji anakimbia mita 27 na ushee kwa sekunde nne hivi, na ndani ya sekunde hizo shotistopu anatakiwa afike kwenye mpira, audake, ajigeuze na aurushe ng'ambo ya uwanja bila kukosea. Ndo maana timu zikienda kutafuta vijana zinaangalia sana nafasi hii, mtu anayeiweza anaweza kuhamishiwa karibu popote, ila wa kutoka kwingine kuletwa hapo ni shida.

Sasa safari yenyewe. Mwaka 2008 Gift alikuwa kwenye akademi ya MLB iliyokuwa Tirrenia, Italia, walikokuwa wanakusanywa vijana wa Ulaya na Afrika, na mmoja wa waliomfundisha pale ni Barry Larkin, aliyecheza shotistopu Cincinnati Reds kwa misimu 19. Mwaka huohuo Pittsburgh Pirates wakamsaini, akawa mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kusaini na timu ya MLB. Machi 2009 akachezea taifa lake kwenye World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa, na kwenye mechi na Mexico akapiga mipira miwili ya kufika besi ya tatu, jambo ambalo hata wachezaji wakubwa hawalifanyi kila siku.

Mtu akisoma hadi hapo anadhani mwaka unaofuata yuko kwenye TV. Hapana. Kila timu ya MLB ina ngazi zake za chini, unaanza ligi ya wanagenzi, unapanda Single-A, Double-A, Triple-A, na kila ngazi warushaji wanakuwa wakali zaidi na kuna mtu mwingine anaitaka nafasi yako. Gift alizipitia zote. State College, West Virginia, Bradenton, alafu Altoona ambako alikwama misimu kadhaa, alafu Indianapolis. Safari za basi, miji midogo, na mshahara mdogo kweli, maana kabla ya 2021 kima cha chini cha mchezaji wa Single-A kilikuwa dola 290 kwa wiki, na ni kwa miezi ya msimu tu. Mwaka 2013 akiwa katikati ya hayo yote mama yake akafariki. Yule mama ndo alikuwa chanzo cha yeye kuwa karibu na uwanja, na mwanae akaendelea kucheza.

Kilichomweka ni glovu. Kudaka kwake kila aliyemwona alikukubali, mikono laini, miguu myepesi. Kilichomchelewesha ni gongo. Alikuwa anapiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto, akawa anakosa mipira mingi, mwishowe akaacha kushoto akabaki na kulia peke yake. Nakuomba usilipite hili haraka, mdogo wangu. Kuacha kitu ulichokijenga kwa miaka ukiwa mtu mzima, mbele ya makocha wanaokuandikia ripoti, inataka moyo. Novemba 2015 Pirates wakamwingiza kwenye orodha ya wachezaji 40, ambayo ndo mlango wa kuitwa juu, ila hata hapo akasubiri, kwa sababu shotistopu wa timu kubwa alikuwa Jordy Mercer na nafasi ni moja.

Siku yake ikawa tarehe 26 Aprili 2017, Pittsburgh, dhidi ya Chicago Cubs waliokuwa mabingwa. Akaingizwa kipindi cha nne, tena sio shotistopu, akawekwa besi ya pili. Mdakaji wa Pirates, Francisco Cervelli, akamkumbatia alipoingia. Alipoenda kupiga mara ya kwanza kabisa, mrushaji alikuwa Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake, na Gift akaupiga akafika besi ya kwanza salama. Pirates wakashinda 6-5. Alikuwa na miaka 27. Mchezaji wa kwanza kutoka bara la Afrika kucheza MLB, ligi inayohesabu miaka yake kuanzia karne ya 19.

Kwahiyo jibu la muda ni zaidi ya miaka minane toka kusaini. Wewe ukiwa Azania kazania miguu na kurusha, alafu umwombe kocha akurushie mipira ya kupinda mingi kuliko unavyopenda, hapo ndo Gift alipopoteza miaka.

SWALI: Mimi ni mama, niko Uganda, kijana wangu ana miaka 14 anacheza besiboli shuleni. Kuna mtu anasema atampeleka Marekani kusaini na timu kubwa lakini nilipe kwanza pesa ya usajili. Nifanye nini?

JIBU: Mama, usilipe hata senti. Kijana wa nje kama wako haruhusiwi kusaini na timu ya MLB kabla ya miaka 16, na siku ikifika timu ndo inamlipa yeye, mzazi halipi usajili wowote. Huyo mtu mwombe akutajie timu gani, skauti gani, yaani msaka vipaji wa timu hiyo, alafu uliza kwa kocha wa shule kama wanamjua.

Nafasi zenyewe zipo, na kwenu zimesogea karibu kuliko nchi zetu nyingi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Marekani, wakawafunga watoto wa Oregon 3-2, na hiyo ni baada ya timu ya Uganda iliyofuzu mwaka uliotangulia kunyimwa viza, kitu kilichoniuma sana. Alafu 2022 Los Angeles Dodgers wakasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Skauti wanakuja wenyewe siku hizi. Kwa sasa mtunzie cheti cha kuzaliwa kilichonyooka, maana umri wanauchunguza mpaka mwisho, na asiache shule. Kusaini nako ni kuingia ngazi ya chini kabisa, wengi wanaosaini hawafiki juu, hilo kijana alijue mapema kutoka kwako wewe mama yake.

SWALI: Nimeangalia takwimu za huyo Ngoepe, mechi 41 tu MLB na wastani wa .181. Mbona tunamsifia hivyo? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Takwimu zako ni sahihi kaka. Mechi 28 na Pirates 2017, alafu akapelekwa Toronto Blue Jays akacheza 13 mwaka 2018, akabaki na mipigo 13 katika mara 72, na kwa gongo hiyo ni kidogo, hakuna ubishi. Ila angalia alichopita mpaka kuzipata hizo mara 72. Timu ni 30, mwaka ule kila moja ilikuwa na wachezaji 25 kikosini, nafasi 750 za dunia nzima, Jamhuri ya Dominika peke yake kila timu ya MLB ina akademi kule na inasaini vijana kila mwaka, wengi wao ni mashotistopu. Afrika haikuwa na akademi hata moja ya namna hiyo wakati Gift anakua. Mimi namsifia kwa glovu iliyomfikisha pale, na kwa kuwa 2019 Tayler Scott, mrushaji wa Johannesburg, alipopanda na Seattle Mariners hakuna tena aliyeuliza kama Mwafrika anaweza kufika.