Kuhusu ule udi ulioniuliza

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama siku ya harusi ukisimama mbele ya meza ya marehemu wa ukoo wa mchumba wako, kwenye ile lễ gia tiên yao ya kuwaheshimu mababu, ukawasha udi na kuinama, utakuwa umeliasi Kanisa. Hilo muulize padri wa hapo Hanoi, nadhani atakwambia Roma iliyakataza mambo hayo 1742 halafu Wakatoliki wa Vietnam wakaruhusiwa 1964, zaidi ya miaka 200 watu wamekatazwa tu. Mimi ninachoweza kukusimulia ni cha Bình Phước, kule kusini mwa Vietnam.

Si unakumbuka nilivyopelekwa kule kujifunza mashine za kubangua korosho, mwaka ule ule tuliomzika bibi yako Ndanda. Siku ya pili ya Tết, mwaka mpya wao, fundi mmoja akanikaribisha kwao. Nikabeba kichane cha ndizi, maana niliona wanawapangia marehemu wao matunda, kumbe watu wa kusini ndizi hawaweki, jina lake kwao linasikika kama kuporomoka. Kwenye sinia kulikuwa na topetope, nazi, papai na embe, yaani Masasi tupu! Na majina yao ukiyafuatanisha, cầu, dừa, đủ, xoài, inasikika kama dua, tunaomba vya kututosha tu. Mpaka leo nikikata papai naikumbuka dua ile na nafurahi. (Huko kwenu kaskazini ndizi wanaweka, usiogope.)

Basi, mama yake fundi akaniuliza kupitia mwanawe kama wazazi wangu wazima. Nikasema mama katutoka juzi juzi. Akainuka, akaleta vijiti 3 vya udi, akaninyooshea. Nikakataa. Nikaurudisha mkono kabisa, nikasema sisi Wakatoliki hatufanyi hivyo. Wala hakukasirika, akauliza jina la marehemu, akalirudia rudia mpaka likamkaa mdomoni, akawasha mwenyewe, akainama mara 3. Mtu ambaye hakumjua bibi yako kamwinamia, na mimi aliyenizaa nimekaa kwenye kiti nimeshika soda.

Heshima haina dini, nimewaambia tangu mko wadogo. Halafu najijibu mwenyewe, lakini dini nayo ina mipaka, huwezi ukainamia kila meza. Lakini pale haikuwa meza, alikuwa mama yangu! Na sisi si tulisoma misa ya arobaini, tukawasha mishumaa, wao wana siku ya 49 na ya 100 na kila mwaka giỗ, ukoo mzima unarudi nyumbani kula na marehemu wao, sasa tofauti iko wapi, au ipo ila mimi siioni kwa sababu inaniuma. Heshima haina dini, basi. Natamani nikwambie la kufanya, liko hapa mdomoni, ila mama yako kanikataza, anasema ndoa ni yako.

Wakikuuliza majina ya marehemu wa kwetu, la bibi yako waandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Baba yako